Kwenda Butiama nyumbani kwa Mwalimu ukitokea Mwanza: namna ya kufanya usirudi na picha za geti tu

Mara ya kwanza naenda Butiama, kijijini kwa Mwalimu Nyerere mkoani Mara, nilirudi na picha kumi na saba, zote za watu wamejipanga getini, nyumba haionekani, kaburi hata sikulikaribia, na mwanangu wa pili njia nzima ananiuliza mama, sasa ikulu yenyewe ilikuwa ipi? Kosa langu mwenyewe. Nilienda tarehe 14 Oktoba, siku ambayo nchi nzima inaenda, nikiwa na watoto watatu na mama mkwe ndani ya Noah ya kukodi iliyokuja kutuchukua imechelewa masaa mawili, tumefika saa sita na nusu jua la utosi, misafara ya viongozi imejaa, na mimi nimevaa viatu vya mchuchumio kana kwamba naenda kitchen pati. Toka hapo nimesharudi mara tatu nikiwa nimejipanga, na watu wangu wa Igoma hapa Mwanza wananipigia simu kila wakitaka kwenda, kwa hiyo naandika hapa mara moja nipumzike.

Hatua ya 1: jua unaenda kwa nani

Wengi wanasema "naenda makumbusho ya Nyerere" wakidhani ni jengo moja, unaingia, unaangalia, unatoka. Ni sehemu mbili zilizo jirani. Kuna Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere ambayo ni ya serikali, yako chini ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa 1999 mwaka ule ule aliofariki. Halafu kuna Mwitongo, na Mwitongo ndo nyumbani kwenyewe, mji wa familia, wenye nyumba, makaburi, mawe na mashamba. Neno lenyewe maana yake ni mahame, mahali palipokuwa na mji wa zamani, na sisi wa Usukumani tunasema matongo kwa hiyo halitupi shida hata kidogo.

Pale palikuwa kwa chifu kabla hapajawa kwa rais. Baba yake Mwalimu, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki kuanzia 1915 mpaka alipofariki 1942, alikuwa na wake 22, na Mama Mgaya aliyemzaa Mwalimu alikuwa wa tano. Hilo jina Nyerere tunalolitamka kila siku ni viwavi, mzee Burito alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia mashamba. Kambarage nalo ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, siku mtoto anazaliwa, 13 Aprili 1922, mvua ilikuwa inapiga. Haya wasimulie watoto siku moja kabla mkiwa nyumbani, usiku wakila, maana ukisubiri kuwasimulia palepale watakuwa wameshaona pimbi kwenye mawe na hutawapata tena.

Na jambo moja uliondoe kichwani mapema. Ukisikia mtoto wa chifu, halafu rais miaka zaidi ya ishirini, akili inachora jumba la nguzo nyeupe, bustani zimepasuliwa kwa rula na chemchemi katikati. Hakuna. Ukienda kwa macho hayo utaona kawaida tu, utarudi unasema Butiama hamna kitu, na nimewasikia wengi wakisema hivyo pale stendi. Ukienda kama mtu anayeenda kwa mzee fulani kijijini ambaye hayupo tena, ila mji wake upo na wenye mji wapo, hapo utaona vitu vingi mpaka siku iwe fupi.

Hatua ya 2: chagua siku, na 14 Oktoba waachie wenye nayo

Siku ya Mwalimu ni nzuri kama unataka shamrashamra. Kama unataka kuona, nenda siku ya kawaida katikati ya wiki. Jumamosi shule zinaleta wanafunzi kwa mabasi, ambayo sio mbaya, ila utamsikiliza muongozaji ukiwa nyuma ya vichwa mia. Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, na ile familia ni ya Kikatoliki, utakuta watu hawapo. Mimi napenda Jumanne, sina sababu ya kisayansi.

Kuhusu mvua: masika ya Machi mpaka Mei na zile za Novemba na Desemba, udongo unakuwa tope na mawe yanateleza, na mawe ndo nusu ya safari kwa hiyo usijidanganye. Kuanzia Juni mpaka Septemba pakavu, vumbi lipo ila utapanda bila kuvunjika kiuno.

Kama mko kundi, kikundi cha kina mama au kwaya au darasa, tafuta namba ya makumbusho mpige simu siku kadhaa kabla mseme mko wangapi. Mtu mmoja mmoja unaenda tu, lakini kundi la watu arobaini likitokea bila taarifa hata ungekuwa ni wewe mwenye mji usingefurahi.

Hatua ya 3: kubeba na kuvaa

Fupi tu. Viatu vya chini. Gauni au sketi ya heshima au suruali ya kawaida, kina dada bebeni kanga au kitenge cha ziada, kaptula waachie watoto, kuna makaburi pale. Kofia ya jua ambayo utaivua ukifika kaburini. Maji. Kitambulisho, maana viingilio vya makumbusho wenyeji na wageni wa nje hawalipi sawa, na hela iwe kwenye simu na kidogo iwe mkononi kwa sababu ofisi za serikali siku hizi unapewa kontroo namba, na pale mtandao ukiamua kulala unalala. Bei sikuandikii, zinabadilika, utauliza getini na udai risiti. Simu ichajiwe. Na daftari kwa watoto, sio utani, mtoto mwenye daftari anauliza maswali, mtoto mwenye simu anapiga selfi.

Hatua ya 4: anzia Bujora (kama una siku mbili)

Hii watu wanairuka na mimi nawaambia wasiiruke. Bujora ni hapa hapa, unapanda daladala ya Kisesa, kutoka mjini ni kama kilometa 20 hivi barabara ya Musoma, ukishuka Kisesa bodaboda inakupandisha mpaka mlangoni. Ni makumbusho ya Wasukuma, aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers. Kanisa lenyewe la pale ni la duara, limejengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, yaani chifu wa Kisukuma, na lile banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, utaona ukisimama mbali kidogo, ukikaribia sana hulioni, mimi mara ya kwanza nilipita chini yake bila kujua nimepita wapi.

Kwa nini Bujora kwanza? Kwa sababu pale kuna mji wa Kisukuma uliojengwa upya, na utajifunza kusoma mji. Nyumba ya msonge ilikaaje, ghala lilikaa wapi, mganga alikuwa na nyumba yake, mhunzi naye ya kwake, uzio wa minyaa ulizungukaje mpaka ng'ombe wakawa ndani na fisi akabaki nje. Wazungu wana bustani zao za kukata majani kwa mkasi, sisi bustani yetu ya kiheshima ilikuwa ndo hiyo, mpangilio wa uwanja, kila kitu na mahali pake na kila mtu anajua apite wapi na asipite wapi. Ukishauona Bujora, Mwitongo utauelewa hata usipoambiwa, utajua kwamba mji wa mtu mwenye wake 22 haukuwa nyumba moja kubwa, ulikuwa nyumba nyingi zinazotazamana.

Mwambie muongozaji akuonyeshe ngoma za watemi, na usishike mpaka uambiwe shika. Salimia Kisukuma hata kama unajua mawili tu, Mwangaluka asubuhi, Mwadila mchana, na ukiondoka Wabeja, utaona uso wa mtu unavyofunguka. Ukienda mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi kuna Bulabo, tamasha la ngoma, makundi ya Bagika na Bagalu wanashindana kucheza, wengine na chatu shingoni, lakini hiyo ni siku nyingine kabisa na mwongozo wake ni mwingine.

Na kuna jambo huwa linanichekesha kila nikipita mbele ya zile ngoma. Uchifu ulifutwa kisheria 1963. Aliyekuwa anaongoza nchi wakati unafutwa ni mtoto wa chifu. Kwa hiyo unaangalia vitu vya watemi waliovuliwa madaraka, halafu kesho yake unaenda nyumbani kwa kina aliyewavua, ambako nako palikuwa kwa chifu, na kaka yake Mwalimu, Wanzagi, ndo alikuwa amekirithi kiti. Muulize muongozaji wa Butiama kuhusu hilo, ataongea nusu saa.

Hatua ya 5: njia

Basi za Musoma, Tarime na Sirari zipo stendi ya Nyamhongolo. Fika saa kumi na mbili asubuhi, sio saa mbili. Usimsikilize mpiga debe anayekwambia gari inajaa sa hivi, chungulia mwenyewe ndani uhesabu vichwa. Mwambie konda unaenda Butiama, atakushusha Makutano, na mkumbushe mkishapita Bunda maana kuna makonda wakikata tiketi wamekusahau, mimi nilishapitilizwa na kurudi na bodaboda nikiwa na mama mkwe nyuma yangu amenishika kiuno anasali rozari.

Kutoka Mwanza mpaka pale hesabu masaa matatu na nusu mpaka manne. Mnapita Magu, daraja la Simiyu, Lamadi, halafu Bunda mkishaingia Mara. Kaa upande wa kulia. Jua la asubuhi litakupiga, vumilia, kwa sababu ukifika Lamadi kuelekea Bunda ziwa linabaki kushoto na kulia ndo Serengeti, geti la Ndabaka liko barabarani kabisa, na siku nyingine pundamilia na nyumbu wanaonekana ukiwa ndani ya basi bila kulipa hata mia. Watoto wangu wanaihesabu hiyo kama sehemu bora ya safari na sijagombana nao.

Mkiwa njiani hivyo, waambie jambo hili: Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu alitoka Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU. Zaidi ya kilometa 200. Rais wa nchi. Mwanangu wa kwanza aliangalia dirishani kama dakika tano hajasema kitu, halafu akauliza, alikuwa analala wapi? Swali zuri kuliko yote niliyowahi kumuuliza mimi.

Mkishuka Makutano kuna bodaboda na magari madogo ya kwenda Butiama, kipande kifupi na lami ipo. Patana bei kabla hujakaa. Watu wa Mara hawana mzunguko, akikwambia bei ameimaanisha, punguza kidogo kwa utani na heshima, ukianza kupayuka kama uko sokoni Makoroboi atakuacha hapo hapo na atakuwa hajakasirika.

Mwenye gari binafsi ni rahisi zaidi, ila mafuta jaza Bunda na usikimbizane na zile fuso za samaki.

Hatua ya 6: makumbusho kwanza, nyumbani baadaye

Huu mpangilio usiubadilishe. Ukianza Mwitongo utakuwa umechoka na jua ukija kusoma maandishi. Ingia makumbusho asubuhi, lisaa limoja linatosha, lisaa na nusu kama una mzee anayependa kusoma kila karatasi. Kuna mavazi yake, picha, zawadi alizopewa nchi mbalimbali. Zawadi zinavutia macho, pembe, ngao, vinyago, lakini ushauri wangu tafuta vitu vidogo. Tafuta alichokuwa anakivaa na alichokuwa anakishika. Simama pale. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya mavazi muda mrefu, akasema tu, "Alikuwa mwembamba." Basi. Yeye alimuona mara moja Mwanza akiwa binti, kwenye umati, na kumbe miaka yote alikuwa anamkumbuka mnene.

Picha uliza kabla. Sehemu nyingine unaruhusiwa nyingine hapana, na flashi zima, vitambaa vinapauka.

Muongozaji msikilize, halafu muulize maswali ya nyumbani. Usimuulize "Mwalimu aliongoza miaka mingapi", hiyo ipo kwenye kitabu cha darasa la tano. Muulize alikuwa anakula nini, alikuwa anaamka saa ngapi, nani alikuwa anacheza naye bao. Alikuwa anapenda bao sana. Muulize alivyostaafu urais 1985 akarudi hapa siku yake ilikuwaje, shamba alikuwa analima nini. Hapo ndo utamuona mtu, na muongozaji mwenyewe anachangamka maana kila siku anaulizwa maswali ya mtihani.

Hatua ya 7: Mwitongo

Hapa taratibu. Huu ni mji wa watu. Ukiingia salimia, Shikamoo kwa kila mtu mzima utakayemkuta, hata anayefagia, hata aliyekaa tu chini ya mti, kwa sababu hujui ni ndugu au mfanyakazi na kwa heshima ya kule haina tofauti. Subiri upelekwe. Milango iliyofungwa usijaribu kitasa. Madirishani usichungulie. Nasema hivi kwa sababu niliwaona kwa macho yangu kina dada wawili wamebandika nyuso kwenye kioo wanasema ona sofa, ona sofa.

Wengi huanzia kaburini. Kaburi la Mwalimu limejengewa, liko ndani ya jengo lake, na wazazi wake wamelala hapo hapo jirani. Alifariki London 14 Oktoba 1999 na akaletwa hapa. Vua kofia, zima simu. Kama ni Mkatoliki utakuta wenzako wanasali, mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulishaanza na mahujaji wanakuja mpaka kutoka Uganda. Kama sio Mkatoliki simama tu kimya dakika zako, hakuna atakayekuuliza. Kuna kitabu cha wageni, andika jina lako na unakotoka, na mwache mtoto aandike lake mwenyewe hata kama atachukua mistari mitatu.

Kisha nyumba. Ile kubwa alijengewa na jeshi, na aliikaa muda mfupi sana kabla hajafariki, kwa hiyo ukitaka kujua aliishi vipi hasa, iangalie kisha uulize kuhusu ya zamani. Utakachofikishwa ndani na usichofikishwa kinategemea siku na wenye nyumba, usilazimishe. Kama utabahatika kuona vitabu vyake, angalia migongo ya vitabu tu, jinsi vilivyochakaa. Huyu ni mtu aliyekaa akatafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku anaongoza nchi, sisi wengine kujibu meseji tu tunasema tumebanwa.

Nasema tena, sio kasri. Ni nyumba nzuri, imara, ya mzee aliyestaafu. Waliotoka kuona majumba ya Ulaya kwenye simu wanaangalia juu wanatafuta dari za dhahabu. Wewe angalia nje.

Hatua ya 8: uwanja na mawe, hapa usiharakishe

Kama una masaa matatu Mwitongo, mawili yape nje. Mji umekaa mahali penye mawe makubwa ya aina ile ile tuliyoyazoea Mwanza, ila huku hayajajengewa vyumba vya kupanga juu yake. Omba upelekwe kwenye mawe. Unapanda taratibu, sio mlima, bibi wa miaka sabini anaweza akishikwa mkono. Ukifika juu unaona ardhi yote inaenda chini mpaka macho yanachoka, mashamba, miti, mabati ya kijiji. Kaa. Kunywa maji. Hapa ndo nilielewa kwa nini mtu aliyekaa Ikulu ya Magogoni Dar na bahari mbele yake alikuwa anatamani kurudi.

Tazama mashamba. Mwalimu alikuwa mkulima kweli, jembe mkononi, na Butiama yenyewe ilikuwa kijiji cha ujamaa, kwa hiyo lile shamba halikuwa urembo. Kwa wenzetu wenye majumba ya zamani bustani inapandwa iangaliwe. Hapa ilipandwa iliwe, na mimi sioni kama hadhi imepungua. Muulize muongozaji kila mti ni mti gani na nani aliupanda, mwingine atajua mwingine hatajua, andika unachoambiwa.

Tazama nafasi kati ya vitu. Kaburi la baba liko wapi, nyumba ya mtoto iko wapi, njia inapita wapi. Kumbuka ulichokiona Bujora. Nilivyorudi mara ya pili nikakaa chini nikamchorea mwanangu kwenye daftari, hapa chifu, hapa Mama Mgaya angeweza kuwa, hapa ng'ombe, nikawa nabahatisha tu, mzee mmoja akapita akaangalia mchoro akacheka, akachukua kalamu akaupanga upya wote. Mchoro huo tunao mpaka leo, umebandikwa kwenye friji.

Kuna msitu, unaitwa Muhunda. Ni msitu wa jadi wa Wazanaki, haukatwi. Usiingie mwenyewe na usivunje hata kijiti cha kupigia picha. Sio suala la kuamini au kutoamini mizimu, ukienda kwa mtu na akakwambia chumba kile hatuingii, huwa hauingii.

Pimbi watakuwepo kwenye mawe. Usiwarushie biskuti.

Hatua ya 9: kula

Hapa sina mengi. Butiama ni sehemu ndogo, migahawa ipo ya kawaida, ugali, maharage, nyama, samaki. Kama una watoto beba chapati na mayai ya kuchemsha toka nyumbani, ila mtakula nje ya mji, sio kule makaburini, na mifuko mrudi nayo. Mkitaka kula vizuri sogeeni Musoma, na kama mnalala ndo lalani Musoma, kesho yake asubuhi mpite Mwisenge, shule ambayo Mwalimu alianza darasa la kwanza 1934 akiwa na miaka 12. Ni shule, sio makumbusho, watoto wako darasani, ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu au muitazame kwa nje tu inatosha.

Kwa anayetaka ghorofa la kichifu

Kuna watu hawataridhika mpaka waone jumba kubwa lenye baraza, sawa, siwahukumu. Hao wapande meli ya Nansio waende Ukerewe, kuna jumba la Omukama, ndo chifu wao, pale Bukindo, kaskazini mwa Nansio, la ghorofa, la enzi za mkoloni, la ukoo ule uliotawala Wakerewe tangu kabla yule mpelelezi Mzungu Stanley hajapita 1875 na kuomba mitumbwi kwa Omukama Lukonge. Unaweza pia kuzunguka kwa Bunda, barabara ya Kisorya, halafu kivuko cha Rugezi. Usijaribu kuchanganya na Butiama siku moja. Nimejaribu kwenye karatasi tu na hata kwenye karatasi imeshindikana. Na sheria ni zile zile, salimia, uliza nani mwenye mji, usijifungulie mlango.

Hatua ya 10: kurudi

Saa nane na nusu muwe mnaaga. Kuaga ni kuaga kweli, mtafute aliyekupokea umwambie tunaondoka, na kama ametembea na nyie masaa matatu mpe chochote mkononi, kwa mkono wa kulia, bila kutangaza. Saa tisa na nusu muwe Makutano barabarani. Basi za kutoka Sirari na Tarime zinafika hapo zimeshajaa, inaweza ikapita ya kwanza na ya pili mkiwa mmesimama, ndo maana nasema msichelewe, giza likiingia mtaanza kupanda chochote kinachosimama na hapo ndo watu wanaishia kwenye magari mabovu.

Mkipata siti, sa hivi kaeni kulia tena. Najua asubuhi mlikaa kulia pia, ila gari imegeuka, kwa hiyo kulia ndo ziwa, na mkifika Lamadi jua litakuwa linakaribia maji. Konda akisimama kidogo hapo wauza samaki wanakuja madirishani, sato wa kukaanga ni mzuri, muulize amekaangwa leo au jana na umnuse kabla ya kutoa hela. Mama mkwe wangu hununua wanne, mmoja tunamla kwenye basi, watatu wanafika Igoma wakiwa wamefungwa kwenye gazeti, na nguo zangu zote zinanuka samaki mpaka wiki inayofuata.